Guku wetu alikuwa boi wa Wazungu hapa Mwanza, siku yao ilikuwaje?

Mjukuu_Igogo

Habari zenu wakuu, wazee shikamooni. Naomba msaada wa wanaojua historia ya mji wetu, hasa wazee au watoto wa wazee. Mwezi uliopita tulikuwa na arobaini ya shangazi yetu mkubwa Igogo, watu walipoondoka tukaanza kupanga vitu vyake, chini ya kitanda tukakuta sanduku la bati la zamani lina kutu kila kona. Ndani kuna kanzu nyeupe imegeuka rangi ya chai ya maziwa, mkanda mwekundu wa kitambaa, kofia ya viua imeliwa na nondo, na karatasi moja imekunjwa mara nne mpaka kwenye mikunjo imeanza kukatika. Karatasi ni ya Kiingereza, mwandiko wa wino, mwaka unasomeka 1924. Vitu vya guku hivyo, yani baba yake babu yetu mzaa baba.

Tumekua tukiambiwa guku alifanya kazi kwa Wazungu tangu Mjerumani mpaka Mwingereza, aliingia bado mtoto. Ila ukiuliza alikuwa anafanya nini hasa, wengine wanasema kwa sifa "alikuwa anachoma mkate" halafu wengine wanakukonyeza unyamaze, kama vile ni aibu kusema alikuwa boi. Sasa shangazi ndo alikuwa wa mwisho aliyemwona kwa macho yake akiwa mdogo, na sikumuuliza. Hilo linaniuma sana.

Nataka kujua alikuwa anaamka saa ngapi, analala wapi, analipwaje, anakula nini. Na kwa nini mwanaume ndo afue apike alee watoto wa watu, maana kwetu Usukumani mwanaume kukaa jikoni ni habari nyingine kabisa. Msinitanie jamani, hii kitu inanigusa.

Mwalimu_Mstaafu_Kirumba

Marahaba mjukuu, na poleni kwa msiba. Umeuliza kitu ambacho watu hawakiulizi. Mimi baba yangu mzazi aliingia jikoni kwa Wazungu ana miaka kama kumi, mwanzoni mwanzoni Mwingereza alipokuja, amekufa ni mpishi, na sisi watoto wake tumekulia kwenye kota ya nyuma kwa hiyo mengine nimeyaona na mengine nimesimuliwa, yale ya Mjerumani yeye aliyapata kwa wapishi wakubwa waliomfundisha.

Kwanza elewa kwamba boi hakuwa mtu mmoja. Nyumba ya Mzungu ilikuwa na mpishi, na mpishi ndo bwana mkubwa wa nyuma huko, ana boi wa nyumba anayepanga meza na vitanda, ana mtoto wa jikoni wa kuosha sufuria na kuchochea moto, kuna dobi, kuna wa bustani, kuna wa kuchota maji, mlinzi wa usiku, na topasi wa ndoo za choo ambaye alikuwa anakuja wakati watu wamelala maana hakutakiwa kuonekana. Kama nyumba ina mtoto mchanga ndo utasikia yaya. Kwa Mzungu mmoja asiye na mke unaweza kukuta watu wanne watano wanamhudumia, na kila mmoja na kazi yake, ukimwambia dobi apike hapiki.

Siku ilianza saa kumi na moja alfajiri, kwa moto. Jiko lilikuwa nje, mbali kidogo na nyumba, kwa sababu ya moshi na joto na kwa sababu nyumba nyingi za mwanzo ziliezekwa nyasi, cheche moja imekwisha. Mtoto wa jikoni ndo anaamka wa kwanza, wakati mwingine analala humohumo jikoni kwenye majivu ya moto kwa ajili ya baridi. Anapuliza, moto unashika, maji ya chai. Saa kumi na mbili boi anaingia chumbani miguu peku na trei, anafungua chandarua, anafungua madirisha, na kikombe kisigonge sahani. Baba alikuwa anasema mtihani wake wa kwanza ulikuwa huo, kutembea na vikombe vilivyojaa bila kusikika, alifundishwa kwa kutembezwa na trei uani mchana kutwa.

Halafu maji. Hapa ndo panataka nikae kidogo maana watu wa bomba hawaelewi. Wakubwa walijenga juu kwenye vilima kutafuta upepo, ile nyumba ya Gunzert, mkuu wa wilaya wa mwisho wa Mjerumani hapa Mwanza, mpaka leo iko juu ya mawe pale mjini. Ziwa liko chini. Kila tone la kuoga, kupikia, kufulia na kumwagilia maua lilipanda kilima kichwani kwa mtu ndani ya debe. Debe lile la mafuta ya taa, yalikuwa yanakuja mawili mawili kwenye kreti ya mbao, likijaa maji ni kama kilo ishirini. Jioni Bwana anataka kuoga maji ya moto kwenye beseni kubwa la bati, hayo ni madebe matatu manne yamechemshwa nje kwenye mafiga, yamebebwa yanatoa moshi mpaka chumbani, na akimaliza kuoga mtu huyohuyo anayatoa. Maji ya kunywa yalichemshwa na kuchujwa peke yake, na ikigundulika boi kachota ya kawaida akayatia kwenye chupa, siku hiyo nyumba haikaliki.

Baada ya chai ya asubuhi ni kufagia na kupangusa. Miguu ya kabati la chakula iliwekwa kwenye makopo yenye maji na mafuta ya taa ili siafu wasipande, makopo hayo lazima yaangaliwe kila siku. Taa zinakusanywa, vioo vinaoshwa, tambi zinakatwa sawasawa, maana utambi ukikatwa upande kioo kinaingia masizi na mwenye nyumba ataona usiku ukiwa huna pa kujificha. Buti zinapigwa rangi. Mchana chakula, halafu Wazungu wanalala kidogo, na hiyo saa moja na nusu ndo ilikuwa saa ya boi kula na kunyoosha mgongo. Saa kumi chai tena. Magharibi maji ya kuoga. Usiku ndo kanzu nyeupe, mkanda na kofia, vile ulivyovikuta kwenye sanduku, hizo zilikuwa nguo za kusimama nyuma ya kiti wakati wanakula. Supu, sahani inatoka, samaki, sahani inatoka, nyama, sahani inatoka, kitamu, kahawa. Kila kimoja kimetoka jikoni nje, kama mvua inanyesha umepita nacho kwenye mvua na kinatakiwa kifike cha moto. Wageni wakikaa mpaka saa tano usiku na wewe umesimama mpaka saa tano, ndipo vyombo vioshwe.

Na kuna kazi ambayo haikuandikwa popote, ya kutoa funza. Tekenya huyu tunayemjua hakuwa wa kwetu, alivuka bahari mpaka Angola kwenye miaka ya 1870 halafu misafara ikamtembeza bara zima, kabla karne haijaisha alishafika huku ziwani. Wazungu walimwogopa kuliko simba. Jioni boi anakaa chini na sindano, anashika mguu wa Bwana, anamtoa funza mzima na kifuko chake bila kukipasua, maana akipasuka kidonda. Baba alikuwa fundi wa hiyo kitu, mpaka sisi wanae alitutoa hatusikii maumivu.

Kwa nini wanaume? Mimi naona sababu ni mbili. Moja, Wazungu wa kwanza walikuja na misafara toka pwani, na kwenye msafara mpishi na boi walikuwa wanaume wa Kiswahili na Kinyamwezi, desturi ikashuka na mizigo ikabaki. Pili ni kodi. Mjerumani alianza kodi ya nyumba 1898, rupia 3 kwa mwaka, na mwanaume asiye na rupia anakamatwa kwenda kuilipia kwa kazi. Mwanamke alikuwa shambani analisha familia. Rupia zilipatikana wapi? Kwa kubeba mizigo, kwa kuuza ng'ombe au ngozi, au kwa Mzungu. Kwa hiyo kijana wa Kisukuma kuingia jikoni haikuwa kwamba amependa kazi ya kike, alikuwa anaokoa ng'ombe wa baba yake.

Nikipata nguvu nitaendelea na habari ya mshahara.

Binti_Capripoint

Mwalimu ubarikiwe, nimesoma mara mbili. Bibi yangu alikuwa anasema babu yake alimkaangia Mjerumani sangara mpaka akampa jina la mapenzi, hata sisi tukikaanga sangara anatuambia geuzeni kama babu.

Mvuvi_wa_Mwaloni

Dada hapo kuna kitu kimechanganyika, na si kosa la bibi. Sangara hakuwepo ziwani enzi hizo, ameletwa miaka ya 1950 na 1960 na wakoloni, babu wa Mjerumani hawezi kumkaanga. Hata sato huyu mkubwa tunayemuuza Mwaloni wengi wao ni uzao wa sato walioletwa kipindi hichohicho. Samaki wa mezani wa kale wa ziwa hili ni ngege, na furu, na ningu, na kamongo kwa anayemla. Kwa hiyo babu alikaanga ngege, hilo naweza kuweka mkono. Na alikuwa mtamu kuliko huyu wa sasa, wazee wetu waliomla wamekufa wakimlilia.

Binti_Capripoint

Asante kaka, kumbe. Nitamwambia mama, maana yeye ndo anaendeleza ya sangara.

Mama_Nansio

Hodi jamani. Mimi ni wa Ukerewe, naomba nami niseme maana mnaongea nyumba za Wazungu tu kama vile ndo peke yake zilikuwa na watumishi. Nyumba za Wazungu zilikuwa za kuhesabu. Nyumba za Waarabu, za Waswahili wenye mali, za Wahindi wa maduka, za watemi wetu wenyewe, zote zilikuwa na watu wa kazi na wengi wao walikuwa wanawake na wasichana, na hao hakuna aliyewaandikia karatasi wala kuwavisha kanzu nyeupe.

Wengi hawakuwa vibarua, walikuwa wajakazi, yani watumwa. Watu wanadhani utumwa uliisha Mjerumani alipoingia. Haukuisha. Mjerumani alizuia biashara ya kuuza watu sokoni lakini aliyekuwa naye nyumbani aliruhusiwa kubaki naye, mtumwa aliweza kujikomboa kwa kulipa au kukombolewa, halafu 1904 ikatoka amri kwamba mtoto wa mtumwa atakayezaliwa baada ya Desemba 31, 1905 ni huru. Sasa fikiria mama na mtoto kwenye nyumba moja, mtoto huru mama mtumwa, wote wanatwanga kinu kimoja. Imekuja kufutwa kabisa kwa sheria 1922, Mwingereza ameshakaa miaka sita hapa Mwanza. Kwa hiyo mwaka ule wa karatasi ya guku wako, 1924, kuna akina mama mjini hapa walikuwa na miaka miwili tu ya uhuru.

Bibi yangu mzaa mama alilelewa na mama mmoja wa namna hiyo. Aliletwa mdogo kutoka ng'ambo ya ziwa, kwao kulikuwa na njaa wakamweka rehani kwa debe za mtama na hakuna aliyerudi kumkomboa. Siku yake alivyoisimulia haikuwa na saa kumi na moja wala saa tano. Anaamka jogoo wa kwanza anatwanga, anachota, anakanda mwenye nyumba miguu, anabeba mtoto wa mwenye nyumba mgongoni huku anapika, anakula ukoko. Usiku analala mlangoni kwenye mkeka chumba cha bibi mwenye nyumba ili akiitwa aitike. Jina la kwao alilisahau, alikuwa anakumbuka tu mama yake alikuwa na kovu kwenye shavu. Sheria ilipokuja akaambiwa uko huru nenda, akauliza niende wapi? Akabaki palepale mpaka kufa, ila bibi anasema kitu kimoja kilibadilika, alianza kuitika akitaka.

Samahani nimeandika nalia.

Nesi_Ughaibuni

Mama Nansio pole sana, hiyo ya kuanza kuitika akitaka nimeisoma nikaacha simu kidogo.

Mimi ni mzaliwa wa Pasiansi nafanya kazi ya uuguzi Uingereza mwaka wa kumi na moja huu. Nimeona niongeze upande wa huku maana kwenye kazi nawahudumia wazee, na wengi mama zao na bibi zao walikuwa watumishi wa ndani, wananisimulia wakati nawaosha. Yani wale mabwana waliokuja kwetu kuamrisha maboi, kwao walikotoka nyumba ilikuwa inaendeshwa na mabinti wa maskini. Kwenye sensa ya 1911 utumishi wa majumbani ndo ulikuwa kazi yenye wanawake wengi kuliko kazi nyingine yoyote Uingereza, zaidi ya milioni moja. Binti anamaliza shule ana miaka kumi na mbili kumi na tatu, anapewa sanduku la bati, ndio sanduku la bati kama la guku, anapelekwa nyumba ya watu.

Anaamka saa kumi na moja na nusu kwenye baridi ambayo kwetu hakuna mfano, analala darini kabisa, jiko liko chini ya ardhi, kwa hiyo siku nzima ni ngazi. Kazi ya kwanza anatoa majivu ya jana kwenye kila sehemu ya moto, anaipaka chuma dawa nyeusi anaisugua mpaka ing'ae, anawasha moto kabla wenye nyumba hawajaamka, anapandisha makaa, anapandisha maji ya moto, anateremsha vyungu vya mikojo. Asubuhi anavaa gauni la kazi la kitambaa cha maua, mchana anabadilisha gauni jeusi na aproni nyeupe, na mara nyingi vitambaa vya gauni alinunua mwenyewe kabla hajaanza kazi. Binti wa kazi zote, yani yule aliye peke yake kwenye nyumba ndogo, alikuwa anapata kama pauni 12 mpaka 20 kwa mwaka mzima pamoja na kulala na chakula. Mapumziko ni nusu siku ya Jumapili na jioni moja katikati ya wiki.

Na majina vilevile! Mzee mmoja kaniambia mama yake aliitwa jina lingine kazini kwa sababu binti wa mwenye nyumba alikuwa na jina kama lake, wakambadilisha kama unavyobadilisha pazia. Nyumba nyingine kila binti wa mezani aliitwa jina moja hata wabadilike kumi.

Kilichowatoa ni vita ya 1914. Viwanda vya risasi vilitaka watu, mabinti wakaona unaweza kulipwa kwa wiki, ukitoka kazini jioni ni yako, wakatoka kwa maelfu na wengi hawakutaka kurudi.

Mwalimu_Mstaafu_Kirumba

Nimerudi. Nesi asante sana, hilo la sanduku la bati limenifungua.

Mshahara. Ulikuwa kwa mwezi, rupia wakati wa Mjerumani, shilingi Mwingereza alipoleta za kwake baada ya vita. Rupia ya kwanza ilikuwa na pesa 64, Mjerumani akaigeuza 1904 ikawa na heller 100, na hiyo heller ndo hela tunayoitaja kila siku bila kujua. Juu ya mshahara kulikuwa na posho, unga au mtama, chumvi, pengine nyama ya mwisho wa wiki. Lakini mshahara ulikuwa unaliwa kabla hujaupokea. Kikombe kimevunjika kinakatwa. Sukari imepungua inakatwa, hata kama walioila ni sisimizi. Kumbuka kikombe hicho kimetoka Ulaya kikashushwa Mombasa, kikapanda reli mpaka Kisumu ilikofika 1901, kikapanda meli mpaka hapa, maana reli yetu ya kutoka Tabora imefika Mwanza 1928 tu. Kwa hiyo bei wanayokukata ni ya safari yote hiyo. Baba alisema alikuwepo boi aliyefanya kazi miezi miwili kwa ajili ya bakuli moja la supu.

Na kiboko kilikuwepo. Enzi za Mjerumani kilikuwa na jina, hamsa ishirini, ishirini na tano hizo, na mwenye nyumba hakuhitaji kuchapa mwenyewe. Anaandika cheti, anakikunja, anamwambia boi kipeleke bomani. Boi hajui kusoma. Anatembea na cheti chake mwenyewe mpaka kwa askari, anasubiri majibu, majibu ndo hayo. Wale wapishi wazee walimfundisha baba kwamba ukipewa karatasi kupeleka bomani siku uliyogombezwa, tembea polepole uwaze.

Vita ilipofika hapa Julai 1916 Mwingereza akateka Mwanza, Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea Tabora, na maboi wao wengine waliwafuata wamebeba sufuria na vitanda, wengine wakatoroka usiku. Waliobaki ndo Mwingereza akawachukua kwa sababu wanajua meza. Guku wako nadhani ni mmoja wa hao waliobaki.

Sasa mkate. Usidharau hilo neno la ndugu zako. Hakukuwa na hamira ya dukani. Mpishi alikuwa anachukua povu la pombe ya ndizi, anakandia unga jioni, anaufunika na blanketi kama mtoto, alfajiri anautia kwenye debe lililolazwa ubavu juu ya mawe, makaa chini na makaa juu. Hakuna saa hakuna kipimo cha joto. Anatia mkono wake ndani anahesabu, akitoa mkono anajua. Mkate ukitoka mbichi aibu ni yake. Mtu aliyeweza hivyo kila siku ya Mungu kwa miaka ishirini, kweli mnanyamaza akitajwa? Mimi baba yangu aliitwa boi akiwa na mvi na watoto saba, na mtoto wa Mzungu wa miaka mitano anamwita boi, anaitika. Nyumbani kota akivua kanzu alikuwa mzee wa watu, majirani wanakuja kuamuliwa kesi zao.

Kuhusu karatasi, hiyo ilikuwa roho yake. Mzungu akihama au akienda likizo Ulaya anamwandikia boi barua ya kumsifia, na bila hiyo barua hupati nyumba nyingine. Ubaya ni kwamba walioibeba hawakuweza kuisoma. Wapo walioandikiwa mabaya, wakaitunza vizuri kwenye kitambaa, wakaionyesha kila mlango kwa heshima zote na kila mlango wanafukuzwa hawajui kwa nini. Umeisoma ya guku? Inasema nini?

Mjukuu_Igogo

Mwalimu wabeja sana, Mama Nansio, Nesi, wote. Nimewasomea ndugu zangu yote sebuleni jana usiku, na yule baba mdogo aliyekuwa ananikonyeza ninyamaze ndo aliyeomba nirudie ile ya mkate.

Karatasi nimeisoma na binti yangu wa kidato cha tatu. Ni nzuri, Mungu mkubwa. Inasema ni mwaminifu, hanywi, anachoma mkate mzuri, amekaa na mwandishi miaka mitatu, na sababu ya kuachana ni mwandishi anahamishwa. Basi mistari mitano tu. Lakini jina. Jina lililoandikwa ni siku ya wiki. Na hilo ndo jina letu la ukoo, sitaliweka hapa, ila sisi wote mpaka watoto wangu wako nalo kwenye vyeti vya shule. Tulidhani ni jina la kale la kwetu. Baba mdogo akasema labda ndo siku aliyozaliwa. Ila baada ya maneno ya Nesi sikulala.

Asubuhi nikampigia mama mmoja mzee sana wa upande wetu yuko Magu, anasikia kwa shida, binti yake ndo alikuwa anampigia kelele sikioni maneno yangu. Nikamuuliza guku kwao aliitwa nani kabla ya Wazungu. Alinyamaza muda nikadhani salio limekwisha. Halafu akasema, Doto. Mzungu wa kwanza hakutaka kusumbuka na jina, akamwita siku aliyoingia kazini.

Wasukuma wenzangu mmeshaelewa. Kama yeye ni Doto, basi alizaliwa pacha, na yuko Kulwa. Kwenye ukoo wetu hakuna Kulwa, hatujawahi kusikia habari ya pacha, hatuna kaburi lake wala mjukuu wake. Bibi wa Magu anachokumbuka ni kwamba guku alitoka upande wa Kwimba na wakati wa kodi nyumba yao ilitakiwa itoe mtoto mmoja wa kwenda mjini kutafuta rupia, na mwenzake akabaki na ng'ombe.

Kwa hiyo naomba sasa niulize swali lingine hapahapa. Kama kuna mtu wa Kwimba, ukoo wenu una mzee aliyeitwa Kulwa enzi za Mjerumani, na mlisimuliwa kwamba pacha wake alikwenda Mwanza kwa Wazungu akapotelea huko, naomba aandike. Hakupotea. Alikuwa hapa Igogo, na sanduku lake ninalo.